Kuhepa kwa Hiari

Mapema mwaka 2018, Lamar Jackson alikataa kukimbia. Kila mwaka, kabla timu za NFL hazijachagua wachezaji wapya, vijana wanaotoka vyuoni hupimwa mbele ya makocha na maskauti kama ng'ombe wa mnada: urefu, uzito, upana wa kiganja, na mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 37. Lamar alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani mwaka 2016, akiwa Louisville, na hakuna aliyekuwa na shaka na miguu yake. Shida ilikuwa hapo hapo. Yeye alikuwa kwotabeki, yule msee anayepokea mpira kila mchezo unapoanza na kuamua uende wapi, na Bill Polian, mzee aliyewahi kuunda timu zilizofika Super Bowl, alikuwa amesema hadharani kwamba kijana huyu angefaa zaidi kuwa mpokeaji. Yaani yeye akimbie, kufikiria kuachiwe wengine. Sasa ukiwapa watu kama hao namba ya mbio zako, si umewapa kamba ya kukufunga? Hakukimbia. Siku ya uteuzi makwotabeki wanne walichaguliwa mbele yake, na Baltimore Ravens wakamchukua namba 32, nafasi ya mwisho kabisa ya raundi ya kwanza.

Haya yote niliyajua baada ya kuanza kulipwa kumtazama.

Kazi yangu ni kuweka lebo kwenye video. Ofisi iko Mombasa Road, ghorofa ya nne, na kampuni siitaji kwa sababu bado ndiyo inanilipia nyumba. Unapewa klipu ya sekunde kumi hivi, haina sauti. Unabonyeza palipo na mpira, unabonyeza kila mchezaji, kisha unajaza kilichotokea: pasi, mbio iliyopangwa, kuhepa, kuangushwa, mpira uliotupwa nje. Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, lakini kwa meza zetu tunasema tu kuhepa, kwa sababu ndivyo ilivyo. Jamaa alipanga kurusha, mambo yakaharibika, akahepa. Mashine inajifunza kutoka kwetu. Klipu moja inapewa watu watatu, kila mmoja kivyake, na jibu la walio wengi ndilo linahesabiwa kuwa kweli. Ukibaki peke yako mara nyingi, alama zako za usahihi zinashuka. Zikishuka sana unapewa klipu chache, na klipu chache ni doo chache. Kwa hivyo nimetazama futiboli ya Marekani usiku kucha kwa mwaka na nusu bila kusikia hata firimbi moja.

Kama wewe ni mtu wa raga, wa kushangilia Shujaa mpaka sauti ipotee, kuna kitu kimoja lazima usahau. Huku pasi inaruhusiwa kwenda mbele. Lakini ni mara moja tu kwa kila mchezo, na anayeirusha lazima awe bado nyuma ya mstari ambapo mpira ulianzia. Akishauvuka, pasi ya mbele imekufa, sasa yeye ni mkimbiaji kama wakimbiaji wengine. Karibu kila kitu ninachotaka kusema kiko kwenye huo mstari, na kwa mtu anayeukaribia akiwa bado hajaamua.

Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwotabeki anapokea mpira, anarudi hatua kadhaa, na mbele yake wanaume watano wenye miili ya friji wanasimama kama ukuta uliopinda. Nafasi iliyo ndani ya ukuta ndiyo mfuko. Mfuko hudumu sekunde mbili na nusu, tatu ukiwa na bahati. Ndani ya muda huo anatazama mpokeaji wa kwanza; akiwa amekabwa anatazama wa pili; halafu wa tatu. Na wakati wote huo kuna watu wengine wa saizi ya friji wanaokuja kumvunja, na yeye anatakiwa asiwatazame. Hapo ndipo wengi hushindwa. Kwenye klipu unaona kabisa kofia ya chuma ikiinama kidogo: macho yametoka kwa wapokeaji, yamehamia kwa wanaomfuata. Akishafanya hivyo, mchezo umeisha hata kama hajaguswa, maana hajui tena rafiki zake wako wapi.

Watu husema kwotabeki mwenye mbio ana chaguo mbili, kukaa au kuhepa. Ni maneno ya mtu anayetazama mpira akitumia simu upande. Ndani ya mfuko kwenyewe kuna mwendo mwingi. Hatari kubwa huja kutoka pembeni, na walinzi wa pembeni kazi yao ni kuisukuma izunguke kwa nje, kama gari linalolazimishwa kufuata raundabauti. Kwa hiyo mahali salama mara nyingi ni mbele, hatua moja au mbili, kuelekea pale panapoonekana pabaya zaidi. Tom Brady, ambaye hata matatu kwenye jam ingemshinda mbio, alishinda Super Bowl saba na ile hatua moja ilikuwa sehemu kubwa ya siri yake. Kijana mwenye miguu anaona njia nyingine. Anachomoka pembeni. Na akichomoka mapema anamuumbua mlinzi wake mwenyewe, aliyekuwa akimsukuma adui vizuri kuelekea mahali ambapo kwotabeki alitakiwa asiwepo. Sasa yupo.

Lakini pia kuna kukaa mapema mno, na hilo halitajwi sana. Kuna usiku mabeki wote wanakaba mtu kwa mtu. Ukimkaba mtu anayekimbia, unakimbia naye, na ukikimbia naye umempa kwotabeki mgongo. Uwanja mzima unafunguka katikati kama barabara ya Krismasi watu wakishaenda mashambani. Kwotabeki asiyeuona uwazi huo, au anayeuona na kuukataa ili aonekane mtu wa mfukoni, ameacha yadi 15 za bure. Mabeki wakikaba maeneo badala ya watu, mambo yanageuka: nyuso zote zinamtazama yeye, na akitoka tu wanamjia. Timu nyingine zinaweka jasusi kabisa, mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumfuata kwotabeki kwa macho na kutofanya kitu kingine. Huo ni ushindi mdogo tayari. Hajakimbia hata hatua na ameshamtoa mtu mmoja kwenye kazi ya kuzuia pasi.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mguu unafanya kazi hata usipotumika.

Halafu kuna yale yanayotokea kwa wapokeaji kwotabeki akishatoka mfukoni. Njia walizochorewa zimekufa, kwa hivyo wana kanuni zao: aliyekuwa mbali anarudi, aliyekuwa karibu anakwenda mbali, wote wanahamia upande anakokimbilia. Beki aliyewakaba kwa sekunde tatu sasa anatakiwa awakabe kwa sekunde sita, na hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo. Kwotabeki hatari, basi, ni yule anayetoka mfukoni akiwa na mpira juu kifuani na uso umegeukia mbele. Miguu inakimbia, macho bado yako kazini. Anaukaribia ule mstari, beki anajiuliza amfuate au abaki na mtu wake, na jibu lolote atakalotoa ni baya.

Mwaka jana wakatuongezea kisanduku kipya. Kwotabeki akitoka mfukoni, tujaze: ametoka kwa hiari au amelazimishwa? Kwa mwongozo, amelazimishwa kama kuna mpinzani aliyemfikia kiasi cha kumgusa. Rahisi, si ndiyo? Sheria inasema tusijadiliane, lakini saa tisa usiku sheria huwa imelala. Jirani yangu wa meza ni dada mmoja wa Umoja, mwenye kasi kutushinda sote. Akaona nimekwama kwenye klipu moja.

"Huyo ni nani?"

"Namba nane, Baltimore."

"Lamar. Weka hiari, usonge."

"Si unaona huyu jamaa ameshashika jezi yake?"

"Naona. Lakini wenzako wataweka hiari, na wewe utabaki peke yako. Kwani unalipwa na Lamar?"

Niliweka amelazimishwa, maana mkono ulikuwa kwenye jezi. Kesho yake mfumo ukaonyesha matokeo: wawili hiari, mmoja amelazimishwa. Wiki hiyo hiyo ilikuja klipu ya Josh Allen wa Buffalo, kwotabeki mweupe mwenye mwili wa mlinda mlango wa klabu, aliyechaguliwa namba 7 mwaka ule ule wa Lamar. Alitoka mfukoni bila mtu karibu naye. Nafasi ya kuegesha probox ilikuwepo. Mimi hiari. Wenzangu wawili: amelazimishwa.

Klipu mbili si ushahidi wa lolote, najua. Na chuki haipo hapo. Jirani yangu ana jezi ya Lamar, ya zambarau, aliipata Gikomba kwenye bunda la mtumba na akabishana bei nusu saa. Anampenda. Hicho ndicho kilichonisumbua zaidi. Ni yale mapenzi yenyewe yaliyojaza kisanduku: Lamar ni wa kukimbia, akikimbia basi alitaka. Allen ni wa kufikiria, akikimbia basi kulikuwa na sababu. Na mashine, huko iliko, ikaandika.

Sio jambo geni huko kwao. Mwaka 1968 Marlin Briscoe wa Denver Broncos alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuanza mechi kama kwotabeki katika ligi ya AFL, iliyokuja kuungana na NFL. Alirusha tachidauni 14 msimu huo, akiwa mgeni kabisa. Mwaka uliofuata hakupewa nafasi hiyo tena. Akaenda Buffalo, akageuzwa mpokeaji, na akawa mpokeaji mzuri, jambo ambalo nadhani lilizidi kuwapa watu hoja. Warren Moon naye mwaka 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote. Akavuka mpaka hadi Kanada, akashinda ubingwa mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia mlango. Na mazee, Moon hakuwa hata mkimbiaji. Alikuwa mtu wa mfukoni, mwenye pasi ya kuviringika safi kama risasi. Yaani lebo ilikuwa imeandikwa kabla ya klipu kuanza.

Ndiyo maana makwotabeki wengi wenye mbio walifundishwa kuficha miguu, na gharama yake hatuioni kwenye takwimu. Gharama ya upande wa pili tunaiona vizuri. Klipu za zamani pia hutujia, na zipo za Robert Griffin wa Tatu, msimu wa 2012, Washington. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri vile. Akiwa mgeni alikimbia yadi 815 na kurusha kama mtu wa miaka kumi kazini. Mwezi Desemba alihepa dhidi ya Baltimore, akagongwa mguuni na jamaa mkubwa kupita kiasi, goti likapinda. Alirudi kucheza. Tarehe 6 Januari 2013, kwenye mtoano dhidi ya Seattle, goti lile lile likakunjika bila mtu kumgusa vizuri, alipojaribu kuokota mpira uliokuwa umeanguka. Alikuwa na miaka 22. Hakuwahi kuwa yule tena. Klipu hiyo niliiwekea lebo haraka, nikaenda kuchukua chai.

Kila anayetaka kumtisha kwotabeki mwenye mbio humtaja Griffin. Sawa. Lakini Brady mwenyewe alipoteza msimu mzima wa 2008 kwa goti, mechi ya kwanza kabisa, akiwa amesimama mfukoni akirusha pasi. Na Lamar alipoumia goti Desemba 2022 dhidi ya Denver, alikuwa ameangushwa nyuma ya mstari, mpira mikononi, kwenye mchezo wa pasi. Anayekimbia uwanja wazi angalau anamwona anayemjia. Anaweza kutoka nje ya mstari, anaweza kuteleza chini miguu mbele, na akiteleza hivyo mchezo unasimama na haruhusiwi kuguswa. Mfukoni unagongwa ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, na macho yako yako kwingine.

Kama kuna mtu wa zamani ninayependa kumfikiria hapa ni Steve Young. Oktoba 1988, akiwa akiba wa Joe Montana kule San Francisco, alihepa dhidi ya Minnesota, akawapita watu nusu timu kwa yadi 49, na yadi chache za mwisho alikuwa anapepesuka kama mlevi wa saa kumi alfajiri, akaangukia ndani ya eneo la tachidauni. Nimeitafuta mwenyewe YouTube, sio kazini. Ilimchukua miaka mingine kujifunza kubaki, na hakuacha kukimbia ili ajifunze. Januari 1995 alishinda Super Bowl kwa pasi sita za tachidauni, rekodi mpaka leo. Usiku huo huo yeye ndiye aliyeongoza mechi kwa yadi za mbio pia. Zilikuwa 49.

Sasa Lamar. Septemba 2019, mechi ya kwanza ya msimu, Miami, alirusha tachidauni tano, akawaambia waandishi kwa utani wenye mwiba kwamba si mbaya kwa mkimbiaji. Msimu huo alikimbia yadi 1,206, akavunja rekodi ya makwotabeki ya Michael Vick ya 1,039, akarusha tachidauni 36, akapewa MVP kwa kura zote. Halafu Januari Tennessee wakawafungia katikati, wakapata uongozi mapema, na Baltimore wakalala 28 kwa 12. Wale wazee wakarudi kwenye televisheni na hoja yao.

Mchezo wake maarufu zaidi wa msimu ule, ule wa Novemba kule Cincinnati, alipojizungusha kama pia katikati ya mabeki na kwenda yadi 47, ulikuwa mbio iliyopangwa. Sio kuhepa. Kwenye mchezo wa aina hiyo mpinzani mmoja wa pembeni anaachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwotabeki anamsoma yeye: akimvamia mkimbiaji mwenzangu, nabaki na mpira; akinisubiri mimi, namwachia mwenzangu. Ni kusoma, ndani ya nusu sekunde. Lakini kwa macho ya dunia ilikuwa miguu tu, na mtandaoni ilizunguka kama miguu tu.

Miaka mitano baadaye unamwona mtu aliyeongeza vyumba kwenye nyumba bila kubomoa sebule. Mwaka 2023 alipata mratibu mpya wa mashambulizi na MVP ya pili. Mwaka 2024 akaongezewa Derrick Henry, mkimbiaji mzito kama trela, na mabeki wakalazimika kujaza katikati kumzuia huyo. Lamar akakaa mfukoni akitazama. Yadi 4,172 za pasi, tachidauni 41, mipira iliyonaswa minne tu, na bado yadi 915 kwa miguu. Hakuna mtu aliyewahi kupita 4,000 na 900 kwa msimu mmoja. MVP ya msimu huo alipewa Allen, na mabishano ya hilo tuyaache, ofisini kwetu yalikaribia kuvunja urafiki.

Klipu ninayoikumbuka zaidi ni ya tarehe 6 Oktoba 2024, Cincinnati tena, robo ya nne, karibu na eneo la tachidauni. Mpira unamponyoka Lamar unapoletwa. Anauokota. Sam Hubbard, mtu mkubwa, ameshamfikia. Lamar anamsukuma usoni kwa mkono mmoja kama mtu anayefunga mlango wa gari bovu, anakimbilia kulia, anakaribia kutoka uwanjani. Mtu yeyote angetupa mpira nje, na ingekuwa uamuzi wa busara kabisa. Nilisimamisha picha kwa picha. Kofia haijainama. Tangu auokote mpira mpaka mstari wa pembeni, hajaitazama nyasi wala hajamtazama Hubbard zaidi ya pale mkono ulipohitaji. Anamwona Isaiah Likely, anarusha akiwa anaondoka. Tachidauni. Baltimore walishinda 41 kwa 38 baada ya muda wa ziada.

Kwenye vitabu vya takwimu hiyo ni pasi ya yadi chache, mstari mmoja. Kwotabeki akitoka mfukoni na kukimbia, inaandikwa mbio. Akitoka mfukoni na kurusha, inaandikwa pasi, na yote yaliyotokea katikati hayana safu yake.

Nilijaza pasi. Nikajaza amelazimishwa. Nikakaa nayo dakika nzima, ambayo kwa kazi yetu ni muda wa kufukuzisha mtu, kisha nikabonyeza.

Asubuhi iliyofuata nilifungua matokeo kabla ya kutoka. Jirani yangu alikuwa anavaa koti, anatafuta chenji ya nauli. Pasi, amelazimishwa: wawili. Kuhepa, hiari: mmoja.

"Huyo mmoja sio mimi," akasema, na akaniuliza kama nina mia mbili ya kumkopesha mpaka Ijumaa.